Usawa si Ulinganifu: Funzo la Tangramu

Tangramu ni chemshabongo yenye asili ya Uchina. Mraba mmoja hukatwa vipande 7: pembetatu 5, mraba mdogo 1 na msambamba 1, yaani umbo la pande nne ambamo pande zinazotazamana ni sambamba. Mtoto huvipanga kuunda ndege, mashua au nyumba. Aghalabu mchezo huu huhesabiwa kuwa wa hisabati pekee, ilhali una funzo la lugha pia.

Mathalani, mraba wa karatasi hukunjika kwa njia 4, na kila mara nusu moja huifunika nyingine barabara. Pembetatu ya tangramu hukunjika hivyo kwa njia 1 tu. Msambamba ndio humshangaza mtoto: ulalo wake huugawa katika pembetatu mbili zilizo sawa, lakini ukikunjwa hapo, nusu hizo hazifunikani. Hata hivyo, ukizungushwa nusu mzunguko, hukaa palepale ulipokuwa. Ndiyo maana baadhi ya mafumbo hayakamiliki mpaka kipande hicho kipinduliwe.

Hapa neno "sawa" halitoshi. Mtoto asemaye kwamba nusu hizo ni sawa hajakosea. Anachokosa ni lugha ya kutenga usawa wa ukubwa na ulinganifu wa kukunja au wa kuzungusha. Vitenzi kunja, zungusha na pindua anavyo tayari. Hivyo basi, mwalimu aanze navyo, kisha ajenge istilahi juu yake. La sivyo, mtoto ajuaye kwa mikono ataonekana hajui, kwa kukosa neno tu.