SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MABENCHI YA UWANJANI YANAYODUMU JUANI NA MVUANI

Mikutano mingi ya vyama vya ushirika vya msingi hufanyika nje. Ofisi ya chama aghalabu huwa na chumba kimoja au viwili, na ghala huwa limejaa mazao au pembejeo; basi wanachama hukusanyika uwanjani, chini ya mti au kando ya ukuta. Hapo ndipo taarifa ya fedha husomwa, bei ya mazao hujadiliwa na viongozi huchaguliwa. Mwanachama mzee aliyesimama juani tangu saa nne ya asubuhi hawezi kuifuatilia taarifa ya hesabu hadi ukurasa wa mwisho. Akina mama wenye watoto mgongoni huanza kuondoka kabla makisio hayajafikiwa, na mwishowe uamuzi juu ya fedha za watu wote hupitishwa na wale wachache waliopata mahali pa kukaa. Kwa hiyo benchi la uwanjani ni chombo cha kazi cha chama, kama ilivyo mizani.

Hata hivyo, ununuzi wa mabenchi mara nyingi huachwa mpaka wiki ya mkutano. Katibu hutumwa mjini haraka, hununua kilicho rahisi, na baada ya misimu miwili ya mvua chama hununua tena. Somo hili lakusudia kuwasaidia makatibu na wanachama kuchagua viti, mabenchi na meza za nje zinazodumu bila kudai matengenezo mengi. Mifano imechukuliwa kutoka Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa, lakini kanuni zake zafaa mahali pengine pia.

1. KUJUA MAHALI

Kilolo, iliyofanywa wilaya mwaka 2002 kwa kuigawa Wilaya ya Iringa, ina hali ya hewa ya namna mbili. Upande wa juu, kama Dabaga, ni nchi ya baridi, ukungu na mvua nyingi, nako misindano na mikaratusi hustawi sana. Upande wa chini, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, hali hugeuka: Ilula ni nchi ya nyanya na jua, na ukiteremka hadi Mtandika na Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu na mibuyu, joto ni kali na mvua ni haba. Benchi linalofaa Ruaha Mbuyuni huenda lisifae Dabaga.

Watu wengi wa nyanda za juu hudhani kwamba jua lao si la kuogopwa kwa kuwa hewa ni baridi. Dhana hiyo si sahihi. Kinachoharibu plastiki, rangi na uso wa mbao hasa ni miali ya jua isiyoonekana kwa macho, wala si joto peke yake. Nguvu ya miali hiyo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda juu. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Kilolo ziko juu zaidi. Basi kiti cha plastiki chaweza kupasuka Dabaga huku aliyekikalia amevaa koti.

Maadui wa benchi la nje ni watatu. Jua hula ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Mvua hulowesha mbao na kuita ukungu unaoozesha. Mchwa hupanda kutoka ardhini. Yafaa ikumbukwe kwamba mbao iliyogeuka rangi ya kijivu haijaoza. Huo ni uso tu uliochomwa na jua. Kuoza hutokea pale mbao inapokaa na unyevu muda mrefu, yaani ikiwa maji yaliyomo yamezidi kadiri ya sehemu moja kwa tano ya uzito wa mbao kavu. Mbao inayoloa na kukauka upesi huishi miaka mingi.

2. KUCHAGUA KIFAA

Msindano. Mbao hii hupatikana kwa urahisi na bei yake ni ya chini, lakini haina kinga yake yenyewe. Ikigusa ardhi bila dawa, mchwa na uozo huimaliza upesi. Yafaa kwa sehemu ya kukalia tu, ikiwa imekauka vizuri na haigusi udongo.

Mkaratusi. Ni mbao ngumu, yenye nguvu kuliko msindano, ila hupinda na kupasuka ikifanyiwa kazi ingali mbichi. Chama kinachonunua mkaratusi hakina budi kuupanga kivulini, ubao juu ya ubao na vijiti katikati ili hewa ipite, kwa miezi kadhaa kabla ya kumwita seremala.

Mninga. Kiini chake hustahimili mchwa na hali ya hewa, wala hakipindi ovyo. Lakini mninga ni mti wa msitu wa asili, unaokua polepole na unaovunwa kwa kibali. Chama kisinunue mninga usio na hati za Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama bei yake yavutia. Mbao ikikamatwa, hasara ni ya wanachama.

Msaji, ambao wengine huuita mtiki. Una mafuta yake ya asili yanayozuia maji na wadudu, na ndio mti unaosifiwa duniani kwa viti vya bustani na sakafu za meli. Hapa nchini hupandwa Longuza na Mtibwa, na katika bonde la Kilombero, ng'ambo ya milima ya Udzungwa. Bei yake ni ya juu.

Mwanzi. Watu wa Iringa waujua mwanzi kwa ulanzi, na viti vyake ni vyepesi na vya kupendeza. Lakini mwanzi una wanga ambao wadudu huupenda, nao hupasuka ukiachwa juani na mvuani. Viti vya mwanzi vifae barazani, chini ya paa.

Chuma. Ni imara, ila hudai rangi. Bomba lililoachwa wazi mwishoni huingiza maji na kuliwa na kutu kwa ndani, na siku linapovunjika halikutoa dalili. Kule Ruaha Mbuyuni, chuma kilichokaa juani mchana hakikaliki. Tena chuma chepesi huibwa na kuuzwa kuwa chakavu.

Plastiki. Viti vyake ni vyepesi, hupangika na kubebeka. Vyafaa kuwekwa ndani na kutolewa siku ya mkutano. Vikiachwa nje mwaka mzima hupauka, hukakamaa, na miguu hupasuka ghafla. Ajali ya namna hiyo kwa mzee si jambo dogo.

Matofali na zege. Hivi havili mchwa wala havichomwi na jua. Kasoro yake ni ubaridi asubuhi, joto mchana na ugumu wakati wote.

Onyo lahitajika juu ya mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani, kama nguzo za umeme. Dawa inayotumika sana ni ile yenye shaba, kromiamu na aseniki. Huzuia kabisa mchwa, lakini aseniki ni sumu. Mwishoni mwa mwaka 2003 watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia kwa mbao za matumizi ya nyumbani. Nguzo hizo zafaa kuwa miguu ya benchi. Zisiwe meza ya kulia chakula wala mahali pa kukalia watoto. Vipande vilivyobaki visichomwe jikoni kamwe, kwa maana sumu hubaki katika moshi na majivu.

3. UMBO LILILO BORA

Ukiyalinganisha hayo yote, benchi linalofaa zaidi kwa uwanja wa chama ni la mchanganyiko: miguu ya matofali ya kuchoma au zege, na juu yake mbao za kukalia zinazofungwa kwa bolti. Matofali huchomwa vijijini na mbao zapatikana karibu. Mbao moja ikichoka hufunguliwa na kubadilishwa, na benchi lililobaki huendelea.

Fundi azingatie mambo yafuatayo:

(a) Kimo cha kukalia kiwe kiasi cha sentimeta 45, na upana sentimeta 40. Kila mtu ahesabiwe sentimeta 50. Hivyo benchi la mita 2 hukaliwa na watu 4, na wanachama 100 huhitaji mabenchi 25.

(b) Mahali pa kukalia pasiwe ubao mmoja mpana, bali papi kadhaa zenye mwanya wa sentimeta 1 kati yake, ili maji yateremke na hewa ipite.

(c) Zege la miguu lichanganywe kwa kipimo cha saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, na limwagiliwe maji kwa siku 7 zisizopungua. Zege lililokaushwa na jua siku ya kwanza hupukutika kama keki.

(d) Bolti na skrubu ziwe zile zilizopakwa zinki. Misumari hulegea kadiri mbao inavyovimba na kunywea.

(e) Ncha za mbao zipakwe mafuta au rangi mara mbili, kwani mti hunywa maji kwa nchani kuliko ubavuni.

Mahali pa kuliweka benchi pana thamani sawa na umbo lake. Kivuli huwahifadhi watu na benchi pia. Tangu Juni hadi Agosti jua hupita upande wa kaskazini, hivyo mti ulio kaskazini mwa uwanja ndio utakaowafunika wanachama wakati huo wa kiangazi. Mkaratusi mkubwa usichaguliwe, kwa sababu huangusha matawi.

4. HESABU YA MIAKA

Bei ya dukani si gharama kamili. Gharama ni bei pamoja na matengenezo, vikigawanywa kwa miaka ya kutumika. Tuchukue mfano wa kufundishia. Kila chama kiweke bei za soko lake.

Benchi la kwanza lauzwa shilingi 40,000 na hudumu miaka 2. Gharama yake ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Benchi la pili lauzwa shilingi 120,000, hudumu miaka 12, nalo hudai mafuta na bolti za shilingi 3,000 kila mwaka. Gharama yake ni shilingi 10,000 na 3,000, yaani shilingi 13,000 kwa mwaka. Tofauti ni shilingi 7,000. Kwa mabenchi 25, chama huokoa shilingi 175,000 kila mwaka, na katika miaka 12 huokoa shilingi 2,100,000. Fedha hizo ni ushuru uliokatwa katika magunia ya wanachama.

Huenda mjumbe akauliza: "Chama kitapata wapi shilingi 3,000,000 kwa mara moja?" Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba si lazima yanunuliwe yote mwaka mmoja. Chama kilichotenga shilingi 1,000,000 chaweza kujenga mabenchi 8 mwaka wa kwanza, 8 mwaka wa pili na 9 mwaka wa tatu kwa nyongeza ndogo. Mabenchi ya mwanzo wapewe wazee, wajawazito na wenye watoto. Wengine wavumilie wakijua kwamba zamu yao inakuja.

5. UTUNZAJI NA DAFTARI

Utunzaji wa benchi la namna hii ni siku moja kwa mwaka. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, mbao zisuguliwe kwa msasa, zipakwe mafuta ya kitani, na bolti zikazwe. Mafuta huingia ndani ya mbao. Vanishi hubaki juu, na jua huibambua. Oili chafu ya gari isitumike mahali pa kukalia: huchafua nguo na kudhuru ngozi. Bolti moja iliyolegea hukazwa kwa dakika moja. Ikiachwa, mbao hupasuka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa upande wa ofisi, ununuzi uwe ndani ya makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, bei ziulizwe kwa mafundi watatu, na stakabadhi zihifadhiwe. Kila benchi lipewe namba na kuandikwa katika daftari la mali za kudumu pamoja na tarehe, bei na uchakavu wake wa kila mwaka. Viti vinavyobebeka huazimwa kwa misiba na harusi, na ni vyema vikaazimwa, kwa kuwa chama ni cha wanakijiji. Lakini aliyeazima aandikwe jina, idadi na siku ya kurudisha. Mali bila daftari huisha bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chama chenu kimenunua viti au mabenchi mara ngapi katika miaka 10 iliyopita, na vingapi vimebaki?

2. Pigeni hesabu ya gharama ya mwaka ya benchi moja kwa bei za soko lenu.

3. Katika mkutano mkuu uliopita, ni akina nani waliosimama, na ni wangapi waliokuwapo makisio yalipopitishwa?