Somo: Tusome Vitabu vya Kila Namna

Somo letu la safari hii lahusu usomaji wa vitabu vya namna mbalimbali. Wako wengi, nasi tulikuwa miongoni mwao, wadhanio kuwa msomaji mwema ni yule ashikaye somo moja tu: mkulima asome kilimo, mwalimu asome ualimu, na Mkristo asome vitabu vya dini peke yake.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, tulimkuta mwanachuo mmoja akisoma riwaya saa ya kujisomea. Tulimnyang'anya, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba anapoteza wakati. Tangu hapo hatukumwona tena na kitabu kisichokuwa cha mtihani. Mtihani alifaulu. Lakini je, mwalimu aliyekatazwa kupenda vitabu atawafundishaje watoto kuvipenda?

Laiti tungalimkumbuka Askofu Edward Steere, aliyezikwa katika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Huko Uingereza alikuwa amesomea sheria. Alipofika Unguja mwaka 1864 hakuishia katika kazi ya kutafsiri Maandiko. Aliwasikiliza wenyeji wakisimulia hadithi zao, akazichapisha mwaka 1870, mwaka uleule alipotoa kitabu cha kufundishia Kiswahili. Tena alifasiri hadithi zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Asikilizaye hadithi hujifunza jinsi watu wasemavyo, na bila ujuzi huo mfasiri hawezi kazi yake. Hata Biblia yenyewe si ya namna moja: ndani yake mna sheria, historia, mashairi, mithali na barua.

Sasa tuchukue mfano wa shambani. Sisi wa Kichiwa, kama wenzetu wa Njombe na Makambako, twavijua viazi mviringo, tena twaujua ugonjwa wa ukungu, ambao wakati wa mvua na baridi huweza kuliunguza shamba zima kwa siku chache. Afunguaye kitabu cha historia ya Ayalandi atakuta ugonjwa huohuo. Ulizuka huko mwaka 1845. Maskini wengi walitegemea viazi kwa chakula chao, nao walipanda zaidi aina moja tu ya mbegu. Katika miaka michache watu wapatao 1,000,000 walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao idadi hiyo walihama nchi.

Kitabu hicho hukaa mbali na vile vya kilimo, lakini chamwonya mkulima wetu asitegemee mbegu moja wala zao moja. Hapo atakuwa na maswali ya kumpelekea bwana shamba: mbegu ipi huvumilia ukungu? Viazi vilivyooza vifanyweje?

Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba: 200 ni dini, 500 sayansi, 600 ufundi pamoja na kilimo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Basi tufanye hivi:

1. Katika kila vitabu vitatu tusomavyo, kimoja kiwe cha namba tusiyoizoea.
2. Tusikihukumu kitabu kabla ya kusoma kurasa 10.
3. Tukimaliza, tumsimulie mtu mmoja nyumbani. Asiyeweza kusoma, kwa macho au kwa kutojua, asomewe.

Riwaya tuliyomnyang'anya kijana yule tulimrudishia mwisho wa muhula, bila kuifungua. Tuliisoma tulipokwisha kustaafu, nayo ilitupendeza sana. Kama tungaliisoma mapema, siku ile tungalimwuliza amefika wapi.

Maswali ya kujadiliana:

1. Nyumbani kwetu mna vitabu vya namna ngapi?
2. Ni kitabu gani tulichomkataza mtoto bila sisi wenyewe kukisoma?
3. Ni swali gani la shamba au la nyumba ambalo twaweza kulitafutia jibu katika kitabu cha somo jingine?