Utata wa Neno "Mshipa" na Matumizi ya Akili Unde katika Tiba ya Mishipa ya Damu: Mfano wa Adu, Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Kiswahili hukutana na neno mshipa katika somo la polisemia, wakalinakili pamoja na mbuzi, kaa na paa, kisha wakalisahau mtihani ukiisha. Makala haya yanalirejelea neno hilo kwa sababu nyingine. Katika miaka ya karibuni tiba ya mishipa ya damu imeanza kutegemea mashine zinazojifunza, yaani akili unde (wenzetu wa Tanzania husema akili mnemba, na wapo wanaosema akili bandia). Baadhi ya mashine hizo husoma picha, nyingine husoma maneno. Zinazosoma maneno haziwezi kulikwepa neno mshipa pindi zinapofika mahali kama Adu.

Adu ni mojawapo ya wadi sita za eneo bunge la Magarini, kaunti ya Kilifi, kaskazini ya mto Sabaki. Wakazi wake wengi ni Wagiriama. Kiswahili chao ni Kiswahili cha pwani kilichokaa jirani na Kigiriama kwa muda mrefu, kiasi kwamba mzungumzaji anaweza kuanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine bila kuhisi kuwa amevuka mpaka wowote. Mguu unaweza kuwa gulu, na damu ikawa milatso. Upande wa bahari, Gongoni na Marereni, kuna mashamba makubwa ya chumvi. Na chumvi, kama ijulikanavyo, ni miongoni mwa vitu vinavyopandisha shinikizo la damu inapoliwa kwa wingi. Hilo la chumvi litajwe tu kwa kupita.

Mashine na picha za mishipa

Ni vema kwanza ieleweke mashine hizi zimefika wapi. Mwezi wa Februari 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayochunguza picha za kichwa cha mgonjwa wa kiharusi, ikiona dalili za mshipa mkubwa ulioziba humwarifu daktari bingwa papo hapo kwa simu. Aprili ya mwaka huohuo mamlaka hiyo iliidhinisha mashine inayopiga picha ya sehemu ya nyuma ya jicho na kutoa uamuzi, bila daktari wa macho kuwapo, kama kisukari kimeharibu vijishipa vya humo. Jicho ni mahali ambapo vijishipa vya damu vinaweza kutazamwa moja kwa moja bila kupasua ngozi. Zipo pia programu zinazopima upana wa aota, ateri kuu itokayo moyoni. Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa takriban sentimita 2. Ikifika 3 huhesabiwa kuwa imetuna, na kwa wanaume ikifika 5.5 madaktari hufikiria upasuaji.

Mashine hizo hufunzwa kwa kupewa maelfu ya picha ambazo wataalamu wamekwisha kuzitia alama. Hujifunza kutoka katika walichopewa, wala hawajui kisichokuwamo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi, karibu mara tatu, kuliko kwa wagonjwa weupe. Kifaa hicho si akili unde, lakini somo ni lilelile: mguu uliokosa damu huelezwa vitabuni kuwa hupauka, na mashine iliyofunzwa kwa picha za miguu myeupe haitajua kwamba katika mguu mweusi ni afadhali kutazama unyayo.

Hata hivyo, picha si tatizo la kwanza la Adu. Kipimo cha kwanza huko ni mazungumzo. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye vifaa vikiwamo kipima shinikizo la damu na kipima sukari, pamoja na simu za kuingizia taarifa za kaya wanazozitembelea. Umuhimu wa hatua hiyo unaonekana katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, uliokuta kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Basi yule anayefika nyumbani kwa mgonjwa na simu mkononi ndiye mlango wa tiba. Anachokisikia ndicho kitakachoandikwa, na kilichoandikwa ndicho mashine yoyote itakayokuja baadaye itakachokisoma.

Neno mshipa na maana zake

Katika matumizi ya kila siku mshipa ni njia ya damu. Lakini ni neva vilevile, ambayo wengine huipambanua kwa kuiita mshipa wa fahamu. Ni kano inayoshika msuli na mfupa. Ni ngiri. Ni busha, yaani uvimbe wa maji katika korodani. Ni maumivu ya kinena au ya tumbo la chini yasiyojulikana chanzo chake. Asiyejua haya naye huambiwa hana mshipa, ule wa aibu. Kamusi kongwe za Kiswahili zilizotungwa kwa ajili ya wageni ziliziona nyingi za maana hizi mapema, ikiwa ni pamoja na busha na maumivu ya ndani yasiyo na jina.

Kwa pwani ya Kenya maana ya busha si jambo dogo. Matende na mabusha, maradhi yatokanayo na minyoo midogo ienezwayo na mbu, yamekuwako katika kaunti za pwani, Kilifi ikiwamo, kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwanamume wa makamo akisema "nina mshipa", msikilizaji wa huko hafikirii ateri wala vena.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mzee anamwambia mhamasishaji aliyemtembelea: "Mwanangu, mshipa wa gulu hili unanitesa tangu jana." Sentensi hii inaweza kuwa na angalau maana nne za kitabibu. Huenda damu imeganda ndani ya vena kubwa ya mguu. Mguu huvimba, huwa wa moto, na hatari ni kwamba donge laweza kuchomoka na kwenda kuziba mapafu. Huenda ateri imeziba ghafla. Mguu huwa baridi, hufa ganzi, mapigo ya damu hayapatikani, na tangu hapo madaktari huhesabu takriban saa sita kabla nyama ya mguu haijaanza kufa. Huenda ni neva zilizoharibiwa na kisukari, na mama anahisi miguu ikiwaka moto usiku. Tena huenda ni mwanzo wa homa ya matende. La kwanza hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu isigande, la pili humtaka daktari wa upasuaji siku ileile, la tatu hutaka sukari idhibitiwe na nyayo zilindwe, la nne lina dawa zake na usafi wake. Anayekosea kati ya la pili na la tatu humwachia mgonjwa dawa ya maumivu na ahadi ya kurudi wiki ijayo. Wiki ijayo hakuna mguu wa kuokoa.

Safari ya neno hadi kwenye mashine

Kumbukumbu za wagonjwa nchini Kenya huandikwa aghalabu kwa Kiingereza. Hapa ndipo penye jambo ambalo wasomi wa tafsiri hawajalitilia maanani ya kutosha. Tafsiri ya neno mshipa haifanywi na mashine; hufanywa kichwani mwa muuguzi au afisa wa kliniki, kwa haraka, foleni ikiwa ndefu. Akichagua neno la Kiingereza lenye maana ya vena, utata wote umefutwa. Mashine inayokuja nyuma yake hupokea neno moja lisilo na shaka ndani yake.

Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi, ambamo akili unde ilikuwa ikisoma maandishi ya afisa wa kliniki na kumtahadharisha pale ilipoona kasoro. Ziara za wagonjwa zilizohusishwa zilikaribia 40,000, na makosa ya utambuzi wa maradhi yalipungua kwa asilimia 16 kwa waliotumia msaada huo. Ni matokeo ya kutia moyo, wala makala haya hayakusudii kuyapunguza. Lakini mashine ya namna hiyo hukagua kilichoandikwa. Haikuwapo mgonjwa aliposema.

Zipo juhudi za kuifikisha mashine karibu zaidi na kauli ya mgonjwa mwenyewe. Jacaranda Health, ambao hujibu maswali ya kina mama wajawazito nchini Kenya kwa ujumbe mfupi wa simu, walitoa mwaka 2023 modeli ya lugha iliyofunzwa Kiswahili, wakaiita UlizaLlama. Tangu 2019 pia kuna watafiti wa Kiafrika waliojiunga chini ya jina la Masakhane kuzishughulikia lugha zetu. Hata hivyo modeli hujifunza kutokana na maandishi, na Kiswahili kilichoandikwa ni cha magazeti, vitabu vya dini, hotuba na vitabu vya shule. Mshipa wa humo ni mshipa wa damu. Mshipa wa Adu haukuandikwa popote kwa wingi, kwani ni neno la mazungumzo, tena ya faragha.

Je, istilahi zitatosha?

Jibu la haraka ni kwamba istilahi zipo. Ateri, vena, kapilari na neva zimo katika vitabu vya sayansi, na TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Wapo watakaosema wananchi wafundishwe maneno hayo na utata utakwisha. (Ateri lenyewe si neno safi mno: Wayunani wa kale waliolianzisha walidhani mirija hiyo hubeba hewa, kwa kuwa waliikuta tupu katika maiti.)

Rai hiyo ina upungufu mkubwa. Utata wa mshipa, kwa sehemu yake, ni wa makusudi. Mzee wa Kigiriama anayetembelewa na mhamasishaji wa umri wa binti yake hatatamka busha. Atasema mshipa, na binti naye ataitikia vivyo hivyo. Hii ni tasfida, na tasfida haitibiwi kwa istilahi, kwa sababu aliyeitumia hakukosa neno. Alilificha. Mashine isiyojua ni nani anasema na nani haiwezi kujua kilichofichwa.

Aidha, wazungumzaji wenyewe hawapotei katika utata huu kama kamusi zinavyopotea, kwa sababu maana aghalabu haimo katika nomino, imo katika kitenzi kinachoifuata. Mshipa unaopwita unaelekea kuwa ateri. Mishipa iliyotutumka au kusimama ni vena zinazoonekana chini ya ngozi. Mshipa uliokaza ni msuli au kano. Mshipa unaochoma au kuwaka ni neva. Mshipa ulioshuka humweka msikilizaji karibu na ngiri au busha. Mama wa mfano wetu alisema mshipa "unanitesa", kitenzi kisichofichua lolote, na ndiyo maana sentensi yake ni ya hatari. Mhamasishaji mwenye uzoefu angemrudishia swali kwa upole: "Pole mama, unakutesa vipi? Unapwita au unawaka? Mguu wenyewe una baridi au una moto? Umeanza ghafla?" Mashine nayo haina budi kufunzwa kuuliza hivyo, badala ya kukisia maana inayopatikana zaidi katika maandishi iliyoyasoma.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi jinsi kamusi zetu zinavyopanga kidahizo mshipa, maana ya 1, ya 2, ya 3, haiisaidii mashine wala daktari mgeni. Kinachohitajika ni orodha ya vitenzi na vivumishi vinavyoandamana na kila maana, pamoja na taarifa za msemaji: umri, jinsia, lugha ya kwanza, na aliyekuwa akizungumza naye. Kazi hii ni ya isimu, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaiweza. Vivyo hivyo kwa chango, presha, ganzi na kiharusi, ambayo kila moja lina mzigo wake.

Linabaki suala la ridhaa. Kauli za wagonjwa ni taarifa za afya, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huziweka katika kundi la taarifa nyeti. Mwanafunzi atakayekwenda Adu na kinasa sauti sharti amweleze msemaji, kwa lugha yake, sauti hiyo itakwenda wapi na itafundisha nini. Kueleza hivyo nako kunahitaji maneno. Jinsi ya kumwambia mzee wa Magarini "data ya kufundishia mashine" kwa Kigiriama au Kiswahili anachokijua, akaelewa kiasi cha kuweza kukataa, ni swali ambalo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kulianza kabla ya kinasa sauti kuwashwa.