Hewa ya Moto: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Wenye Magari ya Turbo Likasi

Likasi iko mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa tunayovuta huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo turbo hulazimika kuikandamiza zaidi ili ifikie presha ileile. Na hewa ikikandamizwa hupata moto. Mchana wa Oktoba wenye nyuzi 30, turbo ikiongeza bar 1, hewa hutoka pale ikiwa na nyuzi zaidi ya 130. Kinachosimama kati ya moto huo na pistoni zako ni intakula peke yake, ile radieta ya kupozea hewa ya turbo. Basi sikilizeni.

Osha intakula. Usingoje gari likatae. Mwezi wa Agosti, barabara ya Kolwezi ikiwa imejaa malori ya shaba, kila Howo linalokupita linakumwagia vumbi jekundu. Vumbi hilo likikutana na mafuta kidogo au umande wa asubuhi linakuwa udongo wa kufyatulia matofali. Niliwahi kuletewa Hilux ya D4D kutoka upande wa Fungurume. Mwenyewe alisema tu, “Motoka haiko navuta tena, papa.” Alikuwa amekwisha kubadilishiwa pampu na nozeli kwingine, fedha nyingi. Nilifungua boneti, nikamulika tochi kwenye intakula: hakuna mwanga uliopita. Nilichokonoa kwa kijiti cha fagio, likatoka bonge gumu lenye alama za mapezi pande zote mbili, kama mkate uliotoka kwenye chombo. Maji, sabuni na saa mbili za uvumilivu vilitosha.

Usioshe kwa mashine ya presha kali. Mapezi ya alumini ni laini kama karatasi ya sigara. Yakilala, hewa haipiti tena. Maji ya bomba, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Angalia na ndani ya intakula. Ukivua mpira wa hewa ukakuta mafuta yametuama, turbo inavujisha. Mafuta hayo hupaka kuta za intakula, na ukuta uliopakwa mafuta haupozi vizuri. Tengeneza turbo kwanza, ndipo uoshe.

Usitupe mpira wa chini ya boneti. Gari lenye pua juu ya boneti linahitaji mpira ule ili upepo upite katikati ya intakula, usikimbilie pembeni. Mafundi wengi wakiuona umechanika huutupa. Hilux ile ya Fungurume nayo haikuwa nao.

Usifunge filta ya wazi. Ile ya duara, ya kung'aa, inayouzwa kama dawa ya mbio. Inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini, na vumbi letu inalipitisha. Boksi la kiwandani lina sababu ya kuvuta hewa kutoka kwenye tao la gurudumu.

Usisome namba kabla ya kujua kipimo kiko wapi. Kwenye magari mengi kipimo cha joto kimekaa karibu na filta, kabla ya turbo. Skana inaandika 34, dereva anafurahi, na kwenye pistoni inaingia 90. Tafuta kipimo kilicho baada ya intakula. Gari likiwa mbioni barabarani, namba yake isizidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 25 hivi. Kila nyuzi 10 za ziada zinakunyang'anya kama asilimia 3 ya hewa.

Usikanyage mara tu unapotoka kwenye foleni. Umesimama nusu saa kwenye mizani, kila kitu chini ya boneti kimeiva. Nenda polepole kilomita moja au mbili, upepo upite.

Wenye Mercedes za zamani zilizoandikwa Kompressor, msinunue petroli ya kadhafi, ile ya chupa za kando ya barabara. Kompresa ya mkanda huchemsha hewa kama turbo, na ninyi mnachoma petroli. Hewa ya moto pamoja na petroli ya chupa isiyojulikana imechanganywa na nini huwaka kabla ya wakati wake. Mtasikia mlio kama karanga zinazokaangwa. Ondoeni mguu hapo hapo. Dizeli huvumilia zaidi: hutoa moshi mweusi kwanza, silinda hedi hupasuka baadaye.

Usiongeze presha. Kijana mmoja wa Kikula alitaka nikaze vali ya turbo ili awashinde wenzake kwenye mlima. Nilipima kwanza: nyuzi 88 baada ya intakula, asubuhi, bila mzigo. Mpira mmoja wa hewa ulikuwa umefungwa kwa waya, na intakula ilikuwa nyekundu kama barabara. Nilimpa ndoo na sabuni.