Ukiacha Kazi Saudi Arabia, Kibali Chako Kinakuwaje?

Wakazi walio Saudi Arabia, na familia zao, wafahamu hili: iqama, yaani kibali cha ukaazi, hufungamana na mwajiri. Kazi ikivunjika, ukaazi nao huingia mashakani.

Mfanyakazi wa nyumbani akiondoka kimyakimya, mwajiri anaweza kumripoti kuwa "huroob", yaani mtoro. Akiandikwa hivyo anaweza kukamatwa, kuzuiliwa na kurudishwa nyumbani. Tiketi ya ndege pekee haitoshi. Kurudi nyumbani moja kwa moja huhitaji visa ya kutoka.

Fanya haya:

1. Weka nakala za pasipoti, iqama na mkataba kwenye simu, na uitumie familia. Sheria ya huko hairuhusu mwajiri kushikilia pasipoti yako.
2. Usianze kazi kwingine kabla ya uhamisho kuandikishwa rasmi.
3. Ukidhulumiwa, julisha mapema wakala aliyekupeleka na Ubalozi wa Kenya jijini Riyadh. Maisha yakiwa hatarini, ondoka kwanza, kisha upige ripoti siku hiyo hiyo.

Unayejiandaa kusafiri, hakikisha wakala wako amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.