Jinsi ya Kupiga Soga na Jirani Yako Australia

Umefika Australia. Chuo au kazi umepata, nyumba unayo, lakini jirani bado ni mtu wa kupungiana mkono tu. Usihangaike kutafuta mada nzito. Waaustralia wengi huzoeana kwa vijineno: joto la jana, ndege aliyepora chipsi, bei ya parachichi. Jifunze kuvitoa na kuvipokea.

Anza na salamu, na iwe fupi. Mtu akikuuliza "How ya going?", hakuulizi habari za nyumbani, za watoto na za wote uliowaacha Kigoma. Jibu "Not bad, you?" Inatosha, hata kama siku yako ni nzuri kupindukia. Sisi tuliozoea kujuliana hali kwa kituo tunaweza kuona kama tumekatizwa. Hujakatizwa. Amekuachia nafasi ya neno dogo linalofuata.

Neno hilo lihusu kitu mnachokiona nyote wawili. Hali ya hewa ni salama siku zote, ila usiishie kusema "leo joto". Sema la mahali penu. Ukiwa Melbourne, simulia jinsi ulivyotoka na koti asubuhi, ukalivua saa sita, mvua ikakunyeshea saa nane. Wenyeji husema mji wao una majira manne kwa siku moja, na hawachoki kulirudia. Perth wakati wa kiangazi, uliza kama "Fremantle Doctor" ameshafika. Huo ni upepo wa bahari unaoupoza mji alasiri. Darwin, Oktoba na Novemba, joto la unyevu hukaba watu kabla mvua hazijashika. Kama umekulia Mombasa au Dar es Salaam, hapo una mengi ya kulinganisha.

Ndege usiwapuuze. Kwenye ndege soga haziishi.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba hivi, magpie dume hulinda kiota na huwashukia wapita njia, hasa waendesha baiskeli. Utamkuta mtu mzima, begi la ofisi mgongoni, kofia yake ya baiskeli imefungwa vifungo vya plastiki vilivyosimama kama miiba ya nungunungu. Muulize kama vinasaidia. Atakueleza uepuke mti upi na upite upande gani wa barabara. Sikiliza vizuri, maana ndege hao hukumbuka sura za watu, na ushauri huo utakufaa kesho yake.

Sydney nako kuna kwarara mweupe anayepekua taka, wenyeji wanamwita "bin chicken". Kuna pia kakatua waliojifunza kufunua mapipa. Mmoja anashika ukingo wa kifuniko kwa mdomo, anatembea pembeni mwa pipa hadi kifuniko kinaanguka nyuma, na wenzake wanatazama na kuiga. Watafiti waliandika habari zao katika jarida la Science mwaka 2021. Ukiona jirani kaweka tofali juu ya pipa lake, sasa unajua sababu. Bado muulize, atafurahi kukusimulia.

Tukiwa kwenye mapipa: kila halmashauri ina ratiba yake, na rangi ya kifuniko ndiyo inayosema ni taka gani. Mtaa mzima huchungulia pipa la jirani kujua wiki hii ni zamu ya rangi ipi. Uliza bila aibu. Jirani akisafiri, mrudishie pipa lake ndani baada ya gari la taka kupita. Atalikumbuka hilo kuliko maneno yako yote.

Wikiendi pita kwenye duka la vifaa la Bunnings. Mara nyingi nje utakuta watu wa kujitolea wakichoma soseji kuchangisha fedha za klabu au shule. Soseji inawekwa kwenye slesi ya mkate na vitunguu vya kukaanga. Mwaka 2018 kampuni ilitaka kitunguu kiwekwe chini ya soseji, kisidondoke watu wakateleza. Nchi nzima ikabishana. Panga foleni, kisha muulize aliye mbele yako: kitunguu juu au chini? Kama huli nguruwe, uliza kwanza ni soseji ya nyama gani. Hakuna atakayekasirika.

Kwenye mpira, uliza timu yake kabla ya kutoa maoni yako. Melbourne, Adelaide na Perth ni wa AFL, yaani ligi ya mpira wa Kiaustralia. Sydney na Brisbane wameegemea zaidi raga ya ligi. Chagua timu moja, hata inayofungwa kila wiki, ushikamane nayo. Jumatatu kazini utakuwa na la kusema.

Kulalamika kunaruhusiwa, mradi kuwe kwepesi: nzi, foleni, bei ya kahawa. Kujisifu hakupendwi. Umepata alama za juu au gari jipya? Subiri uulizwe, kisha jibu kwa unyenyekevu. Mshahara, ndoa, dini na "mbona huna watoto" viweke kando mpaka mzoeane kweli.

Utani utakupata, na mara nyingi ni dalili kwamba umekubalika. Rudisha wako kwa upole. Lakini utani una mpaka. Ukigusa rangi yako au ulikotoka, huna wajibu wa kucheka. Muulize kwa utulivu, "Una maana gani?" Mwenye nia njema atajirekebisha palepale.

Jua pia wakati wa kuondoka. Ukisikia "Anyway..." au "I'll let you go", soga imekwisha, wala hujamkosea. Sema "See ya" ushike njia. Dakika mbili zilizoisha vizuri zinampa hamu ya kusimama tena kesho.

Anza leo na dereva wa basi. Ukishuka, mwambie "Thank you" kwa sauti ya kumfikia. Abiria wengi hufanya hivyo, hata wanaoshukia mlango wa nyuma.