Dondoo muhimu: Spika nafuu za studio ya nyumbani

Mtayarishaji wa muziki mjini Nkubu, kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, hahitaji spika kubwa ili afanye kazi safi.

Ukubwa. Chumba kidogo kinatosheka na spika za inchi 5, mfano Yamaha HS5 au JBL 305P.

Aina. Achague monita, yaani spika za studio, zenye amplifaya ndani. Subufa ya sebuleni huongeza besi, hivyo huficha makosa ya wimbo.

Umeme. Mitumba ya Marekani huenda ikawa ya volti 120 pekee. Kenya hutumia 240. Asome kibandiko cha nyuma.

Kupanga. Spika mbili na kichwa chake ziunde pembetatu yenye pande sawa, mbali na kona.

Kujaribu. Akienda kununua Luthuli Avenue, Nairobi, apige wimbo anaoujua vyema kabla ya kulipa.